Mwili Usiolia Haujasoma

Jumatatu, 9 Septemba

Binti yangu Lydie amenipa daftari hili niandike saa ninazomeza vidonge. Vidonge nitavikumbuka. Nitaandika jambo jingine, kwa sababu daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka, na nilipomuuliza kuhusu mwaka ujao aliinama akaanza kutafuta kalamu.

Nina miaka sabini na tisa. Naitwa Pétronille. Kwa miaka ishirini na sita nilifundisha gimnastiki kwenye lycée, sekondari ya wasichana, hapa Bunia, na hadi leo wako wanawake wenye wajukuu ambao wakiniona hunyoosha mgongo kabla ya kunisalimia.

Mwezi wa nne nilianguka nyuma ya jiko nikavunjika nyonga. Walinipasua, wakatia chuma. Sasa natembea na béquilles mbili, magongo ya hospitali, kutoka kitandani hadi barazani, hatua kumi na nane. Nataka kufika mia tatu na arobaini. Huo ndio umbali wa kutoka baraza yetu hadi mlango wa Honorine, juu kidogo, upande wa kanisa. Lydie alinihesabia, akidhani ni mchezo wa kizee.

Honorine alikuwa mwanafunzi wangu. Mguu wake wa kushoto umepinda chini ya goti, na aliyeupinda ni mimi. Alihamia mtaa wetu miaka miwili iliyopita, vita vilipomtoa Gety. Anauza unga wa muhogo mbele ya mlango wake. Nikiwa bado mzima nilipita pale mara nyingi. Alinisalimia, “Bonjour, Madame,” nami nilijibu na kuendelea.

Kwetu, aliyekosa habebwi kwenda kuomba msamaha. Baba yangu alikuwa akisuluhisha watu, na nilimwona akimrudisha mtu mzima aliyefika juu ya baiskeli ya mwanawe. Alimwambia ashuke, arudi alikotoka, aje kwa miguu. Na kumwita uliyemkosea aje kitandani kwako ni kumkosea mara ya pili. Kwa hiyo pikipiki hainifai. Lazima nitembee.


Alhamisi, 12 Septemba

Kiné wangu, anayenifundisha kutembea upya kwa mazoezi, anaitwa Musoki. Familia yake ilitoka Butembo, yeye alisomea kazi hii na anafanya haraka bila kuonekana ana haraka. Anakuja Jumatatu na Alhamisi. Leo alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akaniambia nisimame bila kutumia mikono, mara nyingi niwezavyo. Nilisimama mara mbili.

Kila baada ya zoezi anauliza swali moja, la sifuri hadi kumi: “Mama, kutoka zéro mpaka dix, inakuuma ngapi?” Nikipita trois, yaani tatu, anasimamisha kazi.

Nilimwambia kwamba kwa kipimo hicho singefundisha hata nusu saa. Alicheka, lakini hakubadilisha kitu.


Ijumaa, 13 Septemba

Mvua tangu saa sita. Mapaja yanauma kidogo. Nimefurahi.


Jumatatu, 16 Septemba

Abdoul, jirani yetu, alikuja kunywa kahawa wakati Musoki akiwa kazini. Abdoul alichimba dhahabu Mongbwalu miaka thelathini, na mgongo wake umebaki kama bado yumo shimoni. Alitazama mazoezi yangu, akatikisa kichwa.

“Kiné gani hii? Mugonjwa anacheka. Dawa yenye haichome ni maji tu.”

“Papa Abdoul,” Musoki akasema bila kugeuka, “na ile mugongo yako, ulijenga na maumivu?”

“Mugongo yangu ilinipatia nyumba ya mabati.”

“Na sasa unaingia mu nyumba ya mabati ukiangalia chini. Ile bati haujaionaka.”

Abdoul alicheka hadi kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa upande wake. Maneno yake yalikuwa yangu. Darasani nilikuwa na msemo, niliutunga mwenyewe na kuuandika kwa chokaa juu ya mlango wa ghala la mipira: Mwili usiolia haujasoma.


Jumanne, 17 Septemba

Sikulala mchana. Niandike lile la Jumatatu.

Kila Jumatatu asubuhi nilipanga wasichana mistari minne na kuuliza, “Nani anaumia? Inua mkono.” Aliyeinua nilimsifu: huyo alifanya kazi Ijumaa. Ambaye hakuinua aliongezewa mizunguko mitano ya uwanja, kwa kuwa alikuwa ameiba mazoezi. Wiki ya kwanza waliinua kumi. Mwezi wa pili waliinua wote. Nilisimama mbele ya msitu ule wa mikono nikaamini kwamba mimi ni mwalimu hodari. Hata mmoja wa wasichana wale hakuwa mjinga. Mjinga pale alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na filimbi shingoni.

Mwaka 1983 Honorine alikuwa na miaka kumi na sita. Alikimbia mita elfu moja na mia tano kama mtu anayerudi nyumbani. Tulikuwa tumepangiwa mashindano Kisangani. Jumatatu moja aliinua mkono pamoja na wenzake, kisha baada ya mstari kuvunjika akanifuata. Aliniambia haikuwa kama siku nyingine. Akainama, akaweka kidole kimoja juu ya mfupa wa mbele wa mguu. Hapa, Madame. Ni hapa tu, na hata usiku inauma.

Nilimwambia, “Vizuri. Sasa mwili wako umeanza kusoma.”

Alikimbia wiki tatu nyingine. Aliniambia tena mara mbili. Alhamisi ya wiki ya tatu, kwenye kona ya uwanja, mfupa ulikatika. Tulisikia sote. Sikutegemea kwamba mfupa una sauti kubwa hivyo.

Nimejitetea kwa jambo moja miaka arobaini na moja. Nimejiambia: maumivu ni bei ya nguvu, kila mkimbiaji huilipa, mimi nilikosea kipimo tu. Anayekosea kipimo cha chumvi hakutia sumu. Kwa hiyo kila Musoki anaponisimamisha kwenye trois, sisikii huruma yake. Nasikia mtu anayebomoa ukuta niliouegemea.


Alhamisi, 19 Septemba

Kusimama mara tatu. Musoki anasema ni vema. Mia tatu na arobaini kwa mwendo huu, nitafika nikiwa ndani ya sanduku.


Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Tatu tena.


Alhamisi, 26 Septemba

Tangu Jumanne nafanya mazoezi mengine peke yangu. Lydie akienda sokoni, nafunga mlango, nasimama na kuketi hadi thelathini, nikishika meza. Leo kuna kitu kama sindano ndani ya kinena kila ninapokanyaga kwa mguu huo. Musoki alipouliza ngapi, nilisema deux, mbili. Alinitazama kidogo, akaandika deux.


Jumatatu, 30 Septemba

Sikuweza kutoka kitandani. Nyonga imevimba na ina moto. Lydie alimpigia Musoki simu asubuhi, naye akaja chini ya mvua, viatu mkononi. Alinishika mguu, akaugeuza taratibu sana, akaona uso wangu. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

“Mama, jeudi uliniambia deux.”

“Nilisema.”

“Ilikuwa ngapi?”

“Sept. Labda huit.” Saba, au nane.

“Juu ya nini ulinidanganya?”

Nilimwambia ukweli: nilijua angenisimamisha.

“Njo vile. Ningekusimamisha. Kazi yangu njo ile.” Kisha akaongeza kwa sauti ileile, “Unafikiri miye naulizaka ju ya heshima?”

Ilibidi nipelekwe kupigwa picha. Chuma hakijasogea. Nimeamriwa wiki mbili za kupumzika. Daktari, aliyeacha kutafuta kalamu safari hii, alimwambia Lydie kwamba wiki mbili kwa mtu wa umri wangu si kitu kidogo. Hakujua kwamba masikio yangu bado ni ya mwalimu.


Alhamisi, 3 Oktoba

Nimelala chali na sina pa kukimbilia. Basi niandike lililobaki, maana mguu ni nusu ya deni.

Siku ya tatu baada ya mfupa kukatika, baba yake Honorine alifika kutoka Gety. Alikuwa mkulima, mtu mrefu asiyesema sana. Préfète, mkuu wa shule yetu, alimleta hospitalini nami nikiwa hapo. Honorine alikuwa kitandani, mguu umefungwa mbao. Baba yake hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza kwa adabu, kofia mkononi, kama mtoto wake alikuwa ameniambia kwamba anaumia.

Préfète alikuwa ananitazama. Mwaka ule walikuwa wanatafuta mkaguzi wa gimnastiki kwa jimbo zima, na jina langu lilikuwa juu ya meza.

Nilisema, “Hapana. Alinificha.”

Honorine alinisikia. Aligeuza macho akaniangalia, akangoja. Aliningoja kama mwanafunzi anavyongoja mwalimu asahihishe kosa aliloliandika ubaoni mwenyewe. Sikusahihisha.

Baba yake alisema kwamba mtoto anayeweza kumficha mwalimu mfupa wake anaweza kuficha lolote, na kwamba hana haja ya kumlipia mwongo masomo. Akamchukua kabla mfupa haujashika. Barabara ya Gety ya wakati ule, juu ya lori la viazi. Ndivyo mguu ulivyopinda. Honorine hakurudi shuleni.

Ukaguzi nilipewa.


Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua ya mawe. Lydie aliokota ndoo nzima akaonyesha jirani.


Jumatatu, 14 Oktoba

Tumeanza tena. Mbili, kama mtoto aliyerudishwa darasa la kwanza. Musoki ameniwekea sharti: nikidanganya tena ataniachia namba ya mwenzake na kwenda zake. Nikamwapia. Sijui kama ananiamini. Ningekuwa yeye, nisingemwamini mtu kama mimi.


Alhamisi, 17 Oktoba

Nne. Béquille moja hadi mlangoni.


Alhamisi, 24 Oktoba

Saba. Nilimlalamikia Musoki kwamba siku zimepita hata sijasikia mapaja kuuma. Labda hatufanyi kitu.

Aliniambia nihesabu. Nikahesabu: mbili, nne, saba. Akaniuliza maumivu yako wapi katika hesabu hiyo. Kisha akanieleza, polepole, kwa Kifaransa cha shule kilichochanganyika na Kiswahili chetu, kwamba mwili ukipewa kazi ngeni misuli huuma kesho yake au keshokutwa, kisha huacha, na hata kazi ikiongezwa kidogokidogo huenda isiume tena kabisa huku nguvu zikipanda. Uchungu ule wa misuli si ugonjwa, wala si cheti. Unaonyesha tu kwamba jambo ni jipya. Lakini maumivu makali ya pahali pamoja, kwenye kiungo au mfupa, yanayobaki hata ukilala, hayo hayajengi kitu.

Aliongea akiwa anafunga begi lake. Hakujua alikuwa anasoma hukumu.

Pahali pamoja. Hata ukilala. Kidole kimoja juu ya mfupa.


Alhamisi, 31 Oktoba

Kumi na moja. Bila kushika, bila kuuma, mzee wa moyo uliochoka.

Abdoul alishuhudia. Alisema labda nilikuwa na nguvu hizo zamani ila nilizificha. Musoki alimwambia aketi naye asimame tuone. Alisimama mara sita, akadai kiti ni kibaya. Kisha akauliza, safari hii bila mzaha, kama yeye pia ni mzee mno kuanza. Musoki alimpangia aanze Jumatatu.

Wameondoka. Naandika hili kwa mkono ulionyooka: Honorine hakuhitaji kuumia. Angefika Kisangani bila hata siku moja ya maumivu yale. Mbio alikuwa nazo kabla yangu. Nilichoongeza mimi ni mvunjiko. Ile bei niliyosema kila mkimbiaji hulipa, haikuwa bei ya kitu chochote. Nimeegemea ukuta huo miaka arobaini na moja, leo nimeutazama, haupo.

Ajabu ni kwamba sikuanguka.


Jumapili, 3 Novemba

Hadi kwenye lango, mara mbili. Hatua sitini.


Alhamisi, 7 Novemba

Mia na kumi, na kupumzika kwenye jiwe la fundi baiskeli. Maumivu yalipofika quatre, nne, nilisema quatre. Tukarudi.

Nilimweleza Musoki ninakokwenda na kwa nini. Sikumwambia yote, ila alitosheka. Aliuliza tu mlango uko kwenye mwinuko gani. Kuanzia sasa tunafanya mazoezi ya kupanda ngazi ya jikoni.


Jumatatu, 11 Novemba

Moyo ulinishika asubuhi. Lydie anataka nikae. Nimemweleza naye. Alilia kidogo, kisha akasema angalau nimngoje aninyooshee kitenge.


Alhamisi, 14 Novemba

Nimefika.

Tuliondoka saa tatu, jua likiwa limekausha njia. Lydie alibeba kiti cha plastiki nyuma yangu, nami nilikitumia mara nne. Watu walitusalimia, hakuna aliyeuliza. Sehemu ya mwisho, ile ya kanisa, nilimwomba Lydie abaki chini.

Honorine alikuwa anapima unga kwa kopo. Aliponiona nakuja peke yangu na béquille hakusimama. Aliniacha nifike. Nilimshukuru kwa hilo, kwani angenijia ingekuwa amenibeba.

Nilisema yote nikiwa wima. Kwamba aliniambia mara tatu. Kwamba alionyesha mahali kwa kidole. Kwamba nilimwambia baba yake uongo mbele yake ili nipate cheo, na cheo nikakipata. Kwamba maumivu yale hayakuwa na kazi yoyote, na nimelijua hilo vuli hii. Kisha Honorine akanisogezea kiti, nikaketi.

Alisawazisha unga kwenye beseni kwa kiganja.

“Nilikuwa nakungoja, Madame,” akasema. “Tangu nilihamia hapa. Kila siku ulikuwa unapita, miye nasema, leo atasimama. Kisha nikasikia umevunjika. Nikasema, basi, imeisha.”

Nilisema nisamehe. Alichukua kifuniko cha beseni.

“Mambo ya mguu, nilizoea. Mguu ni mguu, niko natembea nayo. Lakini baba alikufa akisema miye muongo. Mbele ya watu wote. Mutoto akidanganya mu nyumba, wanamuambia: weye unafuata Honorine.” Alifunika beseni. “Ndugu yangu Gérard anakujaka dimanche, kisha misa. Ile maneno, usiniambie miye. Miye nilikuwa pale. Umuambie yeye.”

Nikauliza kama atakubali kunisikiliza.

“Utakuja kwa miguu, sivyo? Atasikiliza.”


Jumamosi, 16 Novemba

Siku mbili sikutoka kitandani. Misuli tu, na kifua. Musoki alipita ingawa si siku yake. Aliuliza ngapi, nikasema ukweli, akasema kesho inawezekana nikienda kwa nusu ya mwendo. Daktari angesema vingine. Sijamwuliza.


Jumapili, 17 Novemba

Saa moja na nusu njiani. Vikao saba kwenye kiti cha Lydie. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Gety tangu asubuhi.

Gérard ni mtu wa miaka hamsini hivi, ana miwani, anafundisha shule ya msingi. Alikuwa mdogo sana mwaka ule. Karo iliyokuwa ya dada yake ndiyo iliyomsomesha yeye. Alisimama kunipokea kwa heshima ya mwalimu kwa mwalimu, na heshima hiyo ilinichoma kuliko tusi. Wanawe wawili walikuwa mlangoni. Honorine hakuwatoa.

Nikarudia yote. Safari hii niliketi, sauti yangu ni ndogo siku hizi. Nilipofika kwenye swali la baba yao, na kofia yake mkononi, Gérard aliniomba nirudie nilichojibu. Nikarudia: “Hapana. Alinificha.” Akauliza na ukweli ulikuwa nini. Nikasema, “Aliniambia mara tatu. Dada yako hakudanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi.”

Alivua miwani. Nilidhani ataniambia neno, na nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote. Aligeuka kabisa, akanipa mgongo, akamtazama dada yake.

“Yaya,” akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, “hata miye niliwaambia hawa watoto ile maneno: munafuata Honorine.”

“Najua,” Honorine akajibu.

“Hata mwezi uliopita.”

“Nilisikia.”

Gérard akainuka, akaenda kuketi chini kwenye mkeka, ndani kidogo ya mlango, karibu na mguu ule wa dada yake. Wakaanza kuongea kwa lugha ya kwao, ambayo siijui. Aliongea yeye muda mrefu, kisha Honorine, kisha wote wawili pamoja. Jina la baba yao lilirudi mara nyingi. Watoto walisogea mmoja baada ya mwingine hadi wakawa mkekani. Wakati mmoja Honorine alicheka kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, hata uwanjani.

Walinisahau. Nilikaa pale barazani na chai iliyopoa, Lydie akiwa nyuma yangu. Hakuna aliyeniambia nimesamehewa, na sikuuliza tena. Sikuwa nimekwenda kuchukua kitu. Nilikuwa nimekwenda kurudisha, na kilikuwa kimepokelewa na mwenyewe.

Mvua ilianza kwenye mabati, kwanza moja moja. Ikaja na upepo, ikaanza kunilowesha magoti. Honorine alinyanyua kichwa mkekani.

“Madame,” akasema, “vuta kiti ndani. Mvua inakufikia.”